Kuacha kuiba madukani baada ya miaka mingi: njia niliyopita mimi

Niliiba madukani kwa miaka 14. Nilianza nikiwa kidato cha pili, na kalamu ya wino wa kijani katika duka la vitabu, nikaendelea hadi nina kazi, mshahara na mtoto wa kumlea. Huu ni mwaka wa saba sijachukua kitu cha mtu. Ninamwandikia yule aliye pale nilipokuwa: pesa unazo mfukoni, kile kitu huna haja nacho, umeshaapa mara nyingi kwa machozi, na bado mkono unakwenda.

Kama unaiba unga au maziwa kwa sababu watoto hawajala, hali yako ni nyingine na sitaki kuichanganya na yangu. Anza na mwenye duka la mtaani, umwombe akuandike kwenye daftari la madeni. Nenda msikitini au kanisani, waambie jikoni hakuna kitu. Na kama unaiba ili ukauze, hapo kuna riziki inayotegemea wizi, na itabidi utafute riziki nyingine kwanza. Yanayofuata yanamhusu zaidi mwenye mkono uliozoea.

Toa vitu vyote nje uvione

Chagua usiku ambao uko peke yako. Mimi nilifunga mlango wa chumba, nikatandaza leso sakafuni, nikatoa kila kilichokuwa kimefichwa: mikasi ya kucha 11, rangi za mdomo 6 ambazo hazijafunguliwa, vikopo vya iliki, soksi za kiume wakati nyumbani hakuna mwanamume, kijiko cha kulishia mtoto mchanga wakati mwanangu ana miaka minane. Vibandiko vya bei vilikuwa bado vipo. Nilikaa na vitu vile mpaka adhana ya alfajiri, na hakuna hata kimoja ambacho ningekitoa dukani kwa pesa yangu. Nilichokuwa nikikitafuta miaka yote ni zile dakika tatu za kutoka kwenye rafu hadi mlangoni, na ule wepesi wa kifua nikishafika barabarani.

Chukua daftari uandike orodha: kitu gani, duka gani, bei kwa makadirio. Vile ulivyokwisha kuvitumia au kuvigawa viandike pia kadiri unavyokumbuka. Usitupe chochote usiku huo. Kutupa ni njia nyingine ya kuficha, na orodha utaihitaji baadaye.

Ijue saa yako

Kwa wiki mbili, kila mkono unapowasha, andika: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umetoka wapi, nani alikukera, na mwili ulihisi nini. Usijihukumu kwenye karatasi hiyo, andika tu.

Yangu ilionyesha jambo ambalo miaka 14 sikuliona. Karibu kila mara ilikuwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, njiani kutoka kazini, na karibu kila mara siku ambayo nilitukanwa nikanyamaza. Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mkubwa wangu alikuwa mtu wa kupayuka mbele ya wateja. Mwili nao ulikuwa na dalili zake: viganja vinapata joto, masikio yanakuwa kama yameziba, nisisikie tena muziki wa dukani. Nikishaijua dalili hiyo, nilikuwa na muda mfupi wa kugeuka na kutoka. Kabla ya kuijua nilikuwa nikishtuka tu niko nje na kitu kwenye mkoba.

Mwambie mtu mmoja

Hatua nyingine unaweza kuzipanga upendavyo, lakini hii usiiruke. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilitubu peke yangu zaidi ya mara thelathini. Nilifunga saumu. Kuna aliyeniambia ni jini, nikafukizwa ubani siku saba, na siku ya nane nikatoka dukani na sabuni. Kila toba hiyo ilikuwa siri kama wizi wenyewe, na siri ndiyo iliyokuwa ikiulisha wizi.

Mchague mtu kwa makini. Awe mtu mzima, mwenye kufunga mdomo, anayekupenda lakini asiyeogopa kukuudhi. Asiwe mtoto wako. Asiwe mtu anayefanya kazi katika duka ulilolichukulia vitu, maana utamweka mahali pabaya kati yako na mwajiri wake. Asiwe yule ambaye kila ugomvi huchimbua ya kale. Kama katika jamaa hakuna wa namna hiyo, tafuta mshauri nasaha, padre, mchungaji au sheikh.

Mimi nilimwendea dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi kwa sababu nilijua yatanikwama. Nilisema: "Dada, tangu shuleni nimekuwa nikiiba madukani. Nimeshindwa kuacha peke yangu. Sikuombi uninyamazie, naomba unisaidie." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Na zile bangili zangu za harusi?" Bangili zake sikuwahi kuzigusa, lakini swali lile nililistahili. Jiandae kwa swali kama hilo. Ukianza kukasirika kwamba unashukiwa, mazungumzo yatageuka kuwa ya hasira zako.

Mwombe mambo mawili mahususi: apokee simu yako wakati wowote ukiwa dukani, na akuulize kila Ijumaa, au siku yoyote mtakayokubaliana, wiki ilikwendaje. Dada yangu bado huuliza. "Mdogo wangu, mkono?" Nami hujibu.

Badilisha namna unavyonunua

Watu wengi hutaka kuujaribu moyo wao: naingia kati ya rafu, najizuia, natoka nikiwa mshindi. Usifanye hivyo mwaka wa kwanza. Kaa mbali na rafu.

Bahati yetu sisi huku ni kwamba maduka ya mitaani bado ni yale ya kaunta na wavu. Unasimama nje, unataja unachotaka, muuzaji anakitoa nyuma yake, unalipa, unapewa. Mkono wako haufiki kwenye bidhaa hata kidogo. Kwa miezi minane nilinunua huko kila kitu kinachopatikana, ingawa sukari ilikuwa ghali kidogo kuliko supamaketi. Mboga kwa mama mboga, nyama buchani, dawa ya meno kwa Mpemba wa pale pembeni. Vya supamaketi nilimtuma dada, na vingine niliagiza kwa simu vikaletwa na bodaboda.

Siku itakapobidi uingie supamaketi, ingia hivi. Usiwe na mkoba. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania mwezi Juni 2019, kila mtu huingia dukani na mfuko wake mwenyewe, na kwa mwenye mazoea yetu mfuko ulio wazi begani ni mtihani. Uache nyumbani, au umkabidhi anayepokea mizigo mlangoni akupe kile kibao cha namba. Mfuko wa kubebea utanunua kwa keshia. Vaa nguo isiyo na mifuko mikubwa. Buibui pana na koti viache. Shika kikapu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, na kwenye simu awepo mtu wako, akiongea nawe juu ya lolote. Uwe na orodha yenye vitu visivyozidi kumi. Pita upande ule tu wenye vitu vyako. Mimi rafu za vipodozi sikupita mbele yake kwa miaka miwili, na kama njia ilikuwa hiyo hiyo nilizunguka kwa upande wa mchele. Ukimaliza, piga picha ya risiti ikiwa juu ya vitu ulivyonunua, umtumie mtu wako kabla hujapanda matatu.

Najua inaonekana kama kumtendea mtu mzima kitoto. Mimi nilikuwa na miaka 30 nikituma picha ya risiti ya sabuni na biskuti, na nilimshukuru Mungu kwamba kuna mtu anaipokea.

Mkono ukiwasha

Toka. Acha kikapu hapo kilipo, hakuna atakayekudai. Ukiwa nje tembea, usisimame mlangoni. Kwangu ule mwasho ulikuwa unapanda, unafika kileleni, kisha unashuka, na mara chache sana ulivuka robo saa. Mpigie mtu wako, useme neno lenyewe: "Nataka kuiba." Neno hilo likishatoka mdomoni joto la viganja hupungua.

Kuna zoezi jingine ambalo wataalamu wa saikolojia huwapa watu wenye tatizo hili, nami lilinifaa. Ukiwa umetulia nyumbani, funga macho, ujione unaiba kile kitu ambacho huwa unakichukua, kisha usikatishe filamu mlangoni kama ulivyozoea. Iendeleze. Mlinzi amekushika kiwiko. Watu wamegeuka. Kuna anayepiga kelele "mwizi!", na wote tunajua kelele hiyo inaweza kuleta nini mitaani kwetu, mtu akapoteza maisha kwa ajili ya kopo la mafuta. Kuna jirani amekutambua. Uko nyuma ya gari la polisi, na mwanao anakungojea shuleni. Pitia yote, taratibu, kila siku kwa majuma kadhaa. Methali ya siku za mwizi ni arobaini haikunitisha kamwe, kwa sababu nilizipita arobaini nyingi salama. Picha ya mwanangu kwenye lango la shule, na mabasi yote yameondoka, ndiyo iliyonitisha.

Mwone daktari

Wengi tunaoiba hatuna ugonjwa wa kuiba, tuna mazoea. Lakini ugonjwa wenyewe upo, unaitwa kleptomania, na umo katika vitabu vya uainishaji wa maradhi ya akili. Dalili zake ni kushindwa mara kwa mara kuzuia msukumo wa kuiba vitu usivyovihitaji, kuhisi mvutano unaopanda kabla ya tendo, na raha au afueni wakati wa tendo. Anayeweza kukuambia unao au huna ni mtaalamu wa afya ya akili, na si mimi wala jirani.

Hata kama huna, nenda, kwa sababu mara nyingi chini ya mazoea haya kuna sonona, msongo au kidonda cha zamani ambacho hakijatibiwa. Kenya kuna Mathari kule Nairobi, na hospitali kubwa za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili. Tanzania kuna Muhimbili, na Mirembe kule Dodoma. Unguja kuna Kidongo Chekundu. Mwambie daktari ukweli kama ulivyo kwenye daftari lako. Tiba kuu ni mazungumzo ya kubadilisha fikra na tabia. Dawa pia zimejaribiwa: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 25 wa kleptomania, waliofuatiliwa kwa wiki 8, na waliopewa naltreksoni, dawa inayotumika pia kwa walevi wa pombe, walipungukiwa na msukumo wa kuiba kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni utafiti mdogo, na dawa hiyo huandikwa na daktari tu. Ninautaja ili ujue kwamba kuna watu wasomi waliolichukulia tatizo lako kama jambo la kutibiwa.

Lipa

Hapa ndipo nilipokuwa na uongo mkubwa kuliko wote: kwamba duka kubwa halihisi. Uongo huo ulikufa siku moja kati ya rafu za mafuta ya kujipaka. Upande wa pili wa rafu msichana wa kazi alikuwa amepiga magoti na karatasi ya hesabu ya stoku, akihesabu makopo kwa kidole. Alihesabu mara tatu. Kisha akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Zimepungua mbili tena. Wiki iliyopita nilikatwa ya shampuu." Mwenzake akasema, "Waambie si wewe." Akajibu, "Nishawaambia." Moja ya yale makopo mawili lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya daftari la mwanangu. Nilisimama pale nikaona ncha za vidole vyake kati ya makopo. Nililirudisha lile kopo kwenye rafu na nikatoka, na usiku huo ndio niliotandaza leso.

Kwa hiyo lipa, hata kama hakuna anayekudai. Waislamu tumefundishwa kwamba toba ya dhuluma ya mali ina sharti la ziada juu ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, nalo ni kumrudishia mwenye mali haki yake. Rafiki yangu Mkristo alinionyesha habari za Zakayo katika Luka 19, aliyeahidi kurudisha mara nne. Sheikh niliyemuuliza aliniambia silazimiki kujianika, muhimu haki ifike. Na pale mwenyewe asipopatikana kabisa, nitoe sadaka kwa niaba yake.

Jumla ya orodha yangu ilikuwa shilingi 44,000. Nilipanga elfu mbili kila mwezi, ikanichukua miezi 22. Gawa orodha mafungu matatu. Maduka yaliyofungwa: fungu hilo toa sadaka. Maduka makubwa: pesa taslimu ndani ya bahasha pamoja na barua fupi isiyo na jina, ukiipitisha kwa sheikh, padre au wakili aifikishe kwa meneja. Ukilipa kwa namba ya M-Pesa iliyobandikwa kwenye kaunta, kumbuka jina lako litaonekana. Ni sawa kama umeamua hivyo, lakini uwe umeamua. Na usirudishe vitu kwenye rafu kwa siri. Vingine vimeshapita tarehe, hesabu yao itavurugika, na kwenye kamera mtu anayechezea mkoba mbele ya rafu ni mwizi tu.

Kabla ya kumkiri mwenye duka uso kwa uso, zungumza na wakili, hasa kama kiasi ni kikubwa au tayari kuna kesi. Wizi wa kawaida Kenya, chini ya kifungu cha 275 cha sheria ya makosa ya jinai, unaweza kukufunga hadi miaka 3. Tanzania Bara ni hadi miaka 7. Kama huna pesa za wakili, mashirika ya msaada wa kisheria yapo, Kituo cha Sheria cha Nairobi kikiwa kimojawapo cha muda mrefu. Na ukikamatwa leo kabla hujaanza lolote, Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, inakupa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Duka dogo nililikabili mwenyewe. Mzee wa pale mtaani kwetu nilimchukulia vitu nikiwa msichana, zamani alipokuwa akituruhusu kuingia ndani ya kaunta. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikamweleza, nikamwekea shilingi 1,500 juu ya kaunta. Alizihesabu mara mbili. Kisha akasema: "Bado ya betri. Betri mbili za redio." Nilikuwa nimezisahau; yeye hakusahau. Nikamwongezea. Akaniambia nikitaka kitu nisimame nje kama wateja wengine, na hadi leo nasimama nje. Usiende kulipa ukitarajia kukumbatiwa.

Ukiteleza

Miezi minne baada ya kumwambia dada, niliiba pakiti ya vibanio vya nywele ya shilingi 120. Nilikuwa nimeacha kuandika kwenye daftari, nimeanza tena kupita supamaketi peke yangu jioni, na siku hiyo mkubwa alikuwa amenitupia faili miguuni. Ukiteleza utasikia sauti inayokwambia kwamba kwa kuwa umeshaharibu, bora uendelee. Usiipe hata dakika kumi. Mpigie mtu wako kabla hujavua viatu.

Dada alikuja kwa bodaboda. Hakunisema. Alisema tu, "Twende kabla hawajafunga," tukarudi, yeye akasimama nje karibu na mlango, nami nikaingia moja kwa moja hadi kwa keshia, nikaweka pakiti juu ya kaunta. "Hii nilitoka nayo sikuilipia." Nilikuwa natetemeka hadi noti ikaanguka. Binti wa watu alikuwa amechoka, akaipitisha pakiti kwenye mashine bila kuinua macho, akaniuliza kama nina kadi ya pointi. Nikamwambia sina. Akanipa chenji na risiti, nikatoka, nikampa dada ile risiti. Aliisoma chini ya taa ya barabarani, akaikunja, akaitia ndani ya pochi lake. Siku zangu nazihesabu tangu jioni hiyo.